Mtemi na Mtwale: Mkuu wa Nchi na Mkuu wa Vita katika Unyamwezi na Ukimbu

Ukimwuliza mtoto wa shule habari za wafalme wa kale wa bara hii, atakutajia Mirambo kabla ya wote. Ukimwuliza tena, Je, Mirambo alikuwa mfalme au jemadari? atanyamaza kidogo, maana kwake hayo mawili ni jambo moja. Mwenye kushinda vita ndiye mfalme, na mfalme ndiye mwenye kushinda vita. Twaona ya kuwa wazo hili limewaingia hata watu wazima, na ya kuwa chanzo chake kimojawapo kimo katika lugha yenyewe.

Kiswahili ni tajiri wa maneno, lakini katika jambo hili la ukubwa kimechanganya vitu vingi katika kapu moja. Wasafiri wa Ulaya waliopita Unyanyembe zamani walifuata usemi wa wapagazi na viongozi wao wa Pwani, wakamwita "sultani" kila mtu aliyeweza kuwadai hongo. Mwenye vijiji vitatu alikuwa sultani, mwenye nchi ya safari ya siku kumi alikuwa sultani, na mnyang'anyi wa njiani, akiwa na watu wa kutosha, naye alikuwa sultani. Neno jemadari lilikuwapo, lakini lilikuwa la askari wa Kibulushi wa Seyidi wa Unguja, wala halikutumika sana kwa watu wa bara. Kisha wakaja Wajerumani, wakachukua neno akida, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni neno la vita, la mtu aongozaye askari. Wakampa akida kazi ya kukusanya kodi na kuamua mashauri madogo juu ya majumbe wa vijiji. Hivyo neno la vita likageuka kuwa neno la serikali mbele ya macho ya watu. Boma nalo lilikuwa ngome ya miti ya kuzuia adui, likawa nyumba ya karani na vitabu vya kodi. Msomaji asishangae basi kwamba mtoto hajui kutenga vitu ambavyo maneno yake yamehama hama namna hii.

Wanyamwezi wenyewe walivitenga. Mkuu wa nchi kwao ni mtemi. Neno hili latoka katika kutema, maana yake kukata. Wengine husema mtemi ni yule aliyekata msitu wa kwanza na kufungua nchi, na wengine husema ni yule akataye mashauri. Hatuoni haja ya kuchagua, maana mtemi alifanya yote mawili, huku baba zake wakiwa wametema msitu, naye akitema maneno ya wagomvi. Nyumba yake iliitwa ikulu, na neno hili Kiswahili kimelichukua kwa heshima zote. Kichwani au shingoni alivaa kibangwa, kipande cha kombe la baharini kilichochongwa mviringo. Twafurahi kila tukikumbuka ya kwamba alama ya mwenye nchi iliyo mbali mno na bahari ilikuwa ni kitu cha bahari.

Lakini kazi ya mtemi haikuwa kupigana. Kazi yake ilikuwa kuifanya nchi iwe na afya. Mbegu zilipitia kwake kabla ya kupandwa, mavuno ya kwanza yalionjwa kwake, na mvua ikikawia watu walimwendea yeye. Simba akiuawa, ngozi ilikwenda ikulu. Ndovu akianguka, pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mtemi, maana ardhi ni yake. Wanyampara walikaa naye katika shauri, nao wanangwa walishika vijiji. Mwili wa mtemi na mwili wa nchi vilihesabiwa kuwa kitu kimoja, hata ugonjwa wake ulikuwa hatari ya wote. Mtu wa namna hiyo hapelekwi mbele ya mishale bila sababu kubwa. Tena mtemi aliweza kuwa mwanamke, na wako wanawake waliopata kuwa watemi katika nchi hizo. Jambo hili twamwomba msomaji alikumbuke, maana tutalirudia.

Mtwale ni neno jingine. Katika nchi za Unyamwezi, Usukuma na Ukimbu limetumika kwa maana zaidi ya moja. Pengine ni mkuu wa vita, na pengine ni mkuu aliyewekwa na mtemi mahali pa mbali. Ukienda magharibi hata Rwanda, utamkuta ndugu yake, umutware, na kitenzi gutwara, ambacho kwa Kinyarwanda maana yake ni kuchukua, na pia kutawala. Huko Rwanda ya zamani walitenga kwa ustadi mkubwa. Katika nchi moja paliweza kuwa na wakuu watatu: umutware w'ubutaka, mkuu wa ardhi na mazao yake, umutware w'umukenke, mkuu wa malisho na ng'ombe, na umutware w'ingabo, mkuu wa majeshi. Mtu wa shamba aliyeonewa na mmoja aliweza kumkimbilia mwingine. Wabelgiji waliona desturi hii kuwa ni fujo, nao tangu mwaka 1926 wakaanza kuyakusanya madaraka yale matatu katika mkono wa mtu mmoja. Matengenezo yale yalirahisisha kazi ya maofisi, lakini yalimwondolea mnyonge mlango wa pili wa kukimbilia. Turudi Unyamwezi.

Katika miaka ya kati ya karne ya 19 mambo matatu yaligeuza desturi ya watemi. La kwanza ni bei ya pembe za ndovu, iliyopanda mwaka baada ya mwaka, hata misafara ya Pwani ikajaa njia ya Tabora na kupita mpaka Ujiji. La pili ni bunduki za gumegume zilizokuja pamoja na misafara hiyo. La tatu ni Wangoni, walioitwa huko Watuta, ambao waliwafundisha watu kwa maumivu makali kwamba jeshi la vijana wasio na nyumba lashinda jeshi la wakulima wenye kukumbuka mashamba yao. Kutokana na hayo matatu wakazaliwa ruga-ruga. Hawa walikuwa vijana wa kila kabila, wengi mateka, wengine watoro wa misafara, wenye bunduki na mikuki, manyoya kichwani, vitambaa vyekundu begani, na bangi katika viko vyao. Hawakuwa watu wa mtemi kwa kuzaliwa. Walikuwa watu wa yule aliyewalisha na kuwagawia nyara. Kwa hiyo mwenye kuwataka ilimpasa apate nyara daima, na mwenye kupata nyara daima hukaa vitani daima.

Mirambo alikuwa mtemi wa kuzaliwa. Baba yake, Kasanda, alitawala Uyowa, nchi ndogo upande wa magharibi wa Tabora. Kijana alirithi kiti yapata mwaka 1860, akiwa na umri wa miaka 20 au karibu yake. Jina alilozaliwa nalo halikuwa Mirambo. Mirambo ni jina la vita, na maana yake ni maiti. Tukae kidogo juu ya jina hili. Mtemi ambaye kazi yake kwa desturi ni mvua na mbegu, ameacha jina la nyumbani, akataka watu wamjue kwa maiti. Wengine watasema ni majivuno ya ujana tu, lakini sisi twaona ndani yake mwelekeo wa maisha yake yote.

Kwa miaka kumi na zaidi alizitwaa nchi za jirani moja baada ya nyingine, akaujenga Urambo, na mji wake mkuu ukawa Iselamagazi. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, akapigana na Waarabu wa Unyanyembe. Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, alikuwako Tabora siku zile, naye akaingia vitani upande wa Waarabu. Waliuteka mji wa Wilyankuru, wakajaza mizigo ya pembe na watumwa, wakarudi njiani kwa furaha. Mirambo alikuwa amelala katika majani marefu akiwangoja. Mwongozi wao, kijana Soud bin Said, aliuawa hapo pamoja na wengi. Haukupita muda mrefu, katika mwezi ule ule wa Agosti, Mirambo akaingia Tabora kwenyewe, akamwua Khamis bin Abdullah aliyetoka kumkabili na watu wachache, akachoma moto sehemu ya mji. Seyidi Barghash alileta askari kutoka Pwani, wasifanikiwe. Vita viliendelea mpaka yapata mwaka 1875, hata Waarabu wakakubali kwamba njia haipitiki bila ruhusa yake.

Hapa ndipo wengi huacha kusimulia, maana habari ni tamu. Nasi hatumpunguzii Mirambo sifa yake. Kulala majanini na kumwacha adui apite akiwa mwepesi ili arudi akiwa mzito kwa nyara, huo ni uongozi wa vita wa daraja ya juu. Stanley mwenyewe, aliyemkimbia mwaka 1871, alipokutana naye mwaka 1876 huko Serombo alimwona ni mtu mpole, mtulivu, mwenye macho ya kutazama moja kwa moja. Wakachanjiana udugu, na Stanley akamfananisha na Bonaparte. Tena Mirambo hakuwa mpiganaji asiyefikiri. Alituma wajumbe kwa Mutesa wa Buganda, alipeleka misafara yake mwenyewe Pwani, naye alimkaribisha daktari wa misheni, Southon, aliyekaa Urambo tangu mwaka 1879 hata alipokufa mwaka 1882. Alijua vema ya kuwa bunduki zaja kwa njia ya biashara, na biashara yaja kwa njia ya amani na watu wa mbali.

Lakini je, nchi alizozishinda alizitawalaje? Hapa ndipo tunapotaka msomaji atutazame kwa makini. Desturi ya Mirambo, kwa jumla, ilikuwa hii. Mtemi aliyekataa kutii aliuawa au alifukuzwa, kisha mtu mwingine wa nyumba ile ile, ndugu au mpwa wa yule aliyeanguka, aliwekwa kitini kwa ahadi ya kutoa pembe na vijana wa vita. Basi, imekwisha. Mtemi mpya alikuwa na kibangwa chake, mizimu yake, watu wake na damu yake, na uchungu wake wa moyoni pia. Kitu kilichomfunga kwa Mirambo kilikuwa ni kimoja, kwamba Mirambo aweza kuja. Na alikuja kweli. Karibu kila mwaka, kiangazi kikiingia, alitoka yeye mwenyewe mbele ya ruga-ruga wake, leo magharibi, kesho kaskazini, safari za siku nyingi. Mahali alipokuwapo palikuwa na utii. Mahali alipopaacha miaka miwili au mitatu, pembe zilianza kukawia, na ilimlazimu arudi. Nchi yake ilikuwa kubwa kwenye ramani za Wazungu, lakini kweli ilikuwa na upana wa mahali ambapo mtu mmoja aliweza kufika kwa miguu katika kiangazi kimoja.

Mwaka 1880 jambo hili lilimletea hasara. Watu wake walipokuwa wakipiga vita huko Mpimbwe waliwaua Wazungu wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakirudi kutoka Karema katika safari ya ndovu wa Wabelgiji. Urafiki wake na balozi wa Kiingereza wa Unguja, Kirk, alioujenga kwa taabu, uliharibika. Mtu wa serikali angalikuwa na njia ya kujua ni nani anayepita katika nchi asemayo ni yake, na mtu wa kumpokea mgeni kabla risasi hazijaanza. Jeshi lililo safarini halina macho hayo.

Mirambo alikufa tarehe 2 Desemba 1884. Ndugu yake, Mpandashalo, akashika mahali pake. Alikuwa na kiti, ikulu, na bunduki zilizobaki. Lakini hakuwa Mirambo. Watemi wa nje walimtazama mwaka mmoja, wakaona haji, au akija hashindi, wakajitenga mmoja mmoja kwa utulivu, kama watu watokao barazani wakati mwenye nyumba amesinzia. Mpandashalo alikufa mwaka 1890, na Urambo ulikuwa umerudi kuwa nchi moja miongoni mwa nchi nyingine.

Sasa twende upande wa kusini na mashariki ya Tabora, katika misitu ya miyombo ya Ukimbu. Katika siku zile zile alikuwako huko mtu mwingine, ambaye watoto wa shule hawamtaji. Jina lake Nyungu-ya-Mawe, maana yake chungu cha mawe. Huyu naye ni jina la vita, lakini angalia tofauti yake, kwamba maiti huoza, na chungu cha mawe hakivunjiki.

Nyungu alikuwa mtu wa nyumba ya watemi wa Unyanyembe, ile iliyokuwa ya Mnywa Sele. Mnywa Sele aligombana na Waarabu wa Tabora kwa ajili ya ushuru, akafukuzwa mwaka 1860, akatangatanga porini akipigana mpaka alipouawa mwaka 1865. Nyungu hakuwa na nchi. Alikuwa na damu ya ukubwa bila kiti, na ruga-ruga waliomfuata. Alihamia Kiwele, nchi ya Wakimbu, akaifanya makao yake, na kutoka huko akazishambulia nchi za Ukimbu, moja baada ya moja. Alikuwa chongo, kwa jicho alilopoteza vitani. Alikuwa mkali kupita kiasi. Yasimuliwa kwamba aliwaita askari wake magogo, na vita vikipamba moto aliamuru magogo mengine yatupwe motoni. Misafara ilimwogopa. Mwaka 1878 ruga-ruga wake walimwua Penrose, fundi wa misheni aliyekuwa akienda Buganda. Wazungu walimwandika kuwa jambazi, na kwa Penrose hatuwezi kuwalaumu.

Lakini huyu jambazi alifanya jambo ambalo yule Bonaparte hakulifanya. Ukimbu ulikuwa na nchi ndogo ndogo zaidi ya 30, kila moja na mtemi wake, vijiji vyake vichache katikati ya msitu, na asali yake. Nyungu hakuridhika kumwondoa mtemi huyu na kumweka mpwa wake. Alizikusanya nchi hizo mafungu mafungu, na juu ya kila fungu akamweka mtwale, mtu wake mwenyewe aliyemjua. Mtwale huyu hakuwa wa nyumba ya watemi wa mahali, wala hakuwa na mizimu ya kuabudia huko. Alikaa hapo kwa sababu moja tu, kwamba Nyungu amemweka. Watemi wa kale waliachiwa mvua, mbegu na matambiko. Pembe, vita na mashauri makubwa vilikuwa vya mtwale. Na pembe zote kubwa zilikwenda Kiwele.

Msomaji aone jinsi mtu huyu alivyolichukua neno mtwale, neno lenye harufu ya vita, akalifanya kuwa kazi ya kukaa mahali pamoja. Mkuu wa ruga-ruga jana alikuwa akipita nchini akichoma na kuondoka. Leo ameambiwa akae, ahesabu pembe, asikilize ugomvi wa mpaka, ajue nani amezaa na nani amekufa. Hatudhani kwamba watwale wale walikuwa wapole. Lakini mtu anayekaa ataiona njaa ya nchi kabla haijamfikia, na hawezi kuchoma ghala atakayolila kesho. Hii ndiyo tofauti tunayoitafuta katika makala hii, na haimo katika tabia ya mtu wala katika ushujaa wake. Mkuu wa vita hutiiwa mahali alipo. Mkuu wa nchi hutiiwa mahali asipokuwapo, kwa sababu ameacha mahali hapo kazi yenye jina, na mtu ndani ya kazi hiyo, na watu wanaojua mtu huyo akifa nani atamfuata.

Nyungu alikufa mwezi huo huo aliokufa Mirambo, Desemba 1884. Wakati ule mabwana wa Ulaya walikuwa wameketi Berlin wakigawanya maneno juu ya Afrika, na Karl Peters alikuwa katika Usagara akikusanya alama za watu katika mikataba yake. Unyamwezi na Ukimbu walikuwa wakizika, kila upande mtu wake. Huko Urambo tumekwisha kuona yaliyofuata. Huko Kiwele kiti kilichukuliwa na mwanamke, Mgalula, wa ukoo wa marehemu.

Hapa twarudi katika lile tuliloomba likumbukwe. Mgalula hakusifiwa kwa kutangulia jeshini kama Nyungu, wala watwale hawakumtazamia afanye hivyo. Kama mamlaka ya Kiwele yangalikuwa mkono na jicho la Nyungu peke yake, watwale wangaliigawanya nchi kabla tanga halijaondolewa. Kila mmoja alikuwa na bunduki zake na msitu wake, na Kiwele palikuwa mbali. Hawakufanya hivyo. Pembe ziliendelea kwenda Kiwele, na nchi ikasimama miaka kumi na zaidi, mpaka Wajerumani walipofika katikati ya miaka ya 1890 na kuyafungua mafungu yale kwa mikono yao. Hatujui ushahidi mkubwa kuliko huu. Ujemadari hauwezi kurithiwa na mtu asiye jemadari, lakini utawala, ukiwa umejengwa, waweza kukaliwa na mama aliye nyumbani kwake akisikiliza habari.

Tutaambiwa kwamba kulinganisha huku si kwa haki, na hoja hii ina nguvu, kwa hiyo tuipime. Mirambo alikuwa na Waarabu wa Tabora ubavuni, Watuta upande wa kaskazini, na watemi wa Unyamwezi ambao nyumba zao zilikuwa za kale na zenye watu wengi. Wakimbu walikuwa wachache, wametawanyika, nchi zao maskini kwa chakula. Kumweka mtwale juu ya vijiji vinane si kazi sawa na kumweka juu ya nyumba yenye watu maelfu na jina la miaka mia. Ni kweli. Tena Mirambo alikuwa mtemi halali, na mtemi halali huona haya kuvunja kiti cha mtemi mwenzake, kama vile mwenye mirathi aonavyo haya kukana mirathi ya jirani. Nyungu, asiye na kiti, hakuwa na haya hiyo. Yawezekana kabisa kwamba ni unyonge wake ndio uliomfundisha siasa. Lakini haya yote yaeleza kwa nini Mirambo hakujenga, na hayaonyeshi kwamba alijenga.

Wala tusidhaniwe twamsifu Nyungu kwa wema. Watu wa Ukimbu waliokimbilia vichakani wakati vijiji vyao vikiungua hawakupata faraja yo yote kwa kujua kwamba aliyewachoma ana akili ya kutawala. Mtu wa siasa aweza kuwa mkatili kuliko askari, kwa kuwa ukatili wake una utaratibu na hauchoki jioni. Twasema tu kwamba alikuwa kitu kingine.

Kwa nini basi mmoja ajulikana na mwingine amesahauliwa? Kwa sehemu ni bahati ya kalamu. Southon alikaa Urambo, akaandika, na Stanley akaandika zaidi. Kiwele hakuwako mwandishi wa kukaa miaka, na waliopita karibu yake walipita wakikimbia. Lakini iko sababu ya pili, nayo ni kwamba vita husimulika. Vita vina asubuhi na jioni, kuna aliyekimbia na aliyesimama. Mtwale aliyehesabu pembe miaka kumi bila kuiba hana hadithi ya kusimuliwa usiku.

Jambo kama hili limeonekana kusini pia. Wangoni walikuwa na nkosi, mwenye ukoo na kiti, na chini yake walikuwako manduna, wakuu wa majeshi na wa sehemu za nchi. Songea Mbano alikuwa nduna wa nkosi wa Njelu, wala hakuwa wa ukoo wa Gama uliokuwa ukitawala. Lakini Wajerumani walipokuja mwaka 1897, boma lao lilijengwa kwake, na mji ukachukua jina lake. Nkosi Mputa Gama na nduna Songea walinyongwa wote wawili mwanzoni mwa mwaka 1906, baada ya vita vya Majimaji, na leo msafiri hununua tiketi ya kwenda kwa nduna asijue nkosi alikuwa nani. Huko Tabora jina la Mirambo limepewa kambi ya askari, nasi twaona kwamba aliyelichagua alichagua vema, pengine bila kukusudia.

Watemi wenyewe waliondolewa katika sheria za Tanganyika mwaka 1963, na neno mtemi likabaki katika ngoma, katika majina ya watu, na katika midomo ya wazee. Neno mtwale limekwenda mbali zaidi katika kusahauliwa. Wengi wa wasomaji wetu ni walimu na wahubiri katika nchi za Sikonge, Kiwele na Kipembawe, na wengine wako Usukuma na Buha, ambako maneno ya jamaa hiyo yanasikika bado. Twawaomba wawaulize wazee swali moja: mtwale akifika kijijini zamani, watu walitoka kumpokea kama wampokeavyo askari, au kama wampokeavyo mwamuzi? Salamu aliyopewa, mahali alipoketishwa, na chakula alichowekewa vyaweza kutueleza mengi, na majibu yakifika kwetu tutayachapa katika kurasa hizi pamoja na majina ya vijiji yalikotoka.